Mchunga Ng'ombe wa Mzee Parmuat

Nalangu alingoja mumewe amalize chai. Alimjua Kasaine vizuri: mwambie jambo kabla ya chai, atanuna, mwambie katikati, atasukuma kikombe na kusema hamu imemwisha. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, akichambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Ilikuwa Jumapili, walikuwa wametoka kanisani, na wapangaji walikuwa wameanika nguo ua mzima. Vumbi la malori ya kokoto lilikuwa likipanda upande wa barabara ya Namanga na kuja moja kwa moja kwenye nguo hizo, kama ilivyo kawaida ya Kitengela.

"Baba Soipan," alisema, "mtoto amepata mtu."

Kasaine alicheka. Binti yao Soipan alikuwa akiuza dawa za mifugo katika duka moja hapo mjini, alikuwa na miaka ishirini na saba, na baba yake alikuwa ameanza kuulizwa maswali na akina mama wa kanisa.

"Afadhali. Ni Mmaasai?"

"Ni Mmaasai."

"Ameokoka?"

"Ameokoka. Ni mwalimu huko Ewuaso Kedong."

"Sasa mbona unaongea ni kama umekanyaga mwiba? Mwalimu ni sawa. Mtoto wa nani?"

Nalangu aliacha maharagwe. "Wa Ledama."

"Ledama gani?"

"Kwani unajua Ledama wangapi?"

Kasaine aliweka kikombe chini. Alitazama mlango, akatazama nguo za wapangaji, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, "Haiwezekani. Huyo kijana ni ndugu yake."

"Ndugu yake kivipi?"

Nalangu hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu ndilo swali ambalo kila mtu angeuliza, na alitaka mumewe alisikie kwanza kutoka kwake. Swali lenyewe halikuwa na jibu, na aliyelifanya likose jibu ni Kasaine mwenyewe.

Mzee Parmuat, baba yake Kasaine, alipofariki miaka miwili iliyopita, wazee wa ukoo walikutana Kajiado kuamua nani atarithi ardhi yake ya Kisaju. Mzee Lemaiyan, mkubwa wao, aliuliza: watoto wa kiume wa Parmuat ni akina nani? Kasaine akajibu kwamba ni yeye peke yake. Akaulizwa, na Ledama? Akasema, "Huyo alikuwa mchunga ng'ombe wa baba." Ledama alikuwa ameketi pale pale, hatua chache kutoka kwake, na hakufungua mdomo.

Hakuna mzee aliyedanganyika. Wote walijua kwamba Ledama alizaliwa Mkamba, akaitwa Kiema, na kwamba mama yake Wayua alifia kwenye boma la Parmuat mwaka wa ukame mkali akimwacha mtoto ambaye hata kutembea kulimshinda kwa njaa. Walijua kwamba Parmuat alichinja kondoo, mkewe akamnyoa yule mtoto kwa mikono yake, akamnywesha maziwa kwenye kibuyu kimoja na Kasaine, na mtoto akapewa jina jipya na ndama mwenye alama ya ukoo. Kwa Wamaasai, mtoto aliyepokewa hivyo ni mtoto wa nyumba, na hakuna nusu wala robo. Lakini nyumba husemewa na mtoto wake, na mtoto wa nyumba alikuwa amesema. Wazee walitazama chini, wakaaga. Ledama alichukua mke na ng'ombe wake wachache akahamia kwa wakwe zake, Ewuaso Kedong. Kasaine aliuza nusu ya ardhi akajenga vyumba vya kupangisha, hivi vyenye nguo zilizoanikwa.

Na Nalangu? Nalangu alijua yote, na alinyamaza, kwa sababu alikuwa amechoka kuishi kwenye nyumba ya mabati. Siku ya kuhamia nyumba ya mawe aliimba mpaka sauti ikakauka. Sasa alikuwa akiyatazama maharagwe yake bila kuyaona.

"Wewe ndiye ulisema si ndugu yako," alimwambia mumewe polepole. "Sasa utasema nini?"

"Nitasema sitaki. Mimi si ni baba?"

"Haya. Mwambie mwenyewe."


Soipan alirudi kutoka mazoezi ya kwaya saa kumi na moja. Alipomwona baba yake amekaa sebuleni na runinga imezimwa, alijua. Aliinamisha kichwa, baba akamgusa utosini kama desturi, kisha akaketi mbele yake.

"Papa, mama amekuambia?"

"Ameniambia. Na nimekataa."

"Sababu?"

Kasaine alikuwa amejiandaa. "Huyo si Mmaasai kamili. Babake alizaliwa Mkamba."

"Papa. Mke wa pasta wetu ni Mkamba, na wewe ndiye ulikuwa chairman wa harusi."

"Hiyo ni tofauti. Halafu huyo kijana hana kitu. Mwalimu wa primary, hata shamba hana."

"Hana shamba kwa nini?"

Runinga ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hapakuwa na pa kutazama. Kasaine alikivuta kitambaa cha kiti kilichokuwa kimekaa vibaya, akakinyoosha.

"Mlijuania wapi na hao watu?" aliuliza.

"Kwao. Nilienda baada ya ile maneno ya Kajiado. Nilibeba blanketi na sukari nikaenda kuwaomba msamaha."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma. Nilikuwa naona aibu hata kukula hapa. Huyo Saruni ndiye alinifungulia. Sikuwa namjua, si unajua alilelewa na kina mama yake huko. Nikamwambia mimi ni Soipan wa Kasaine. Akaniangalia tu. Nikajua atanifukuza. Akaenda akaniletea kiti."

Picha ya binti yake akiwa mlangoni pa Ledama na blanketi mkononi ilimchoma Kasaine mahali ambapo mahubiri ya Jumapili hayajawahi kufika.

"Na usifikirie sikujua ni kitu nzito," Soipan aliendelea. "Kabla nimkubalie nilienda kwa Mzee Lemaiyan. Nilimuuliza kama ni haramu. Akaniambia, enda uulize baba yako. Kama alisema ukweli Kajiado, hakuna kitu inakuzuia. Kama alidanganya, Saruni ni ndugu yako, na ukimgusa umeharibu nyumba mbili. So nakuuliza, Papa. Ulisema ukweli ama ulidanganya?"

Msichana huyu tusimfanye malaika. Alikuwa amekasirishwa kweli na dhuluma ya baba yake, na kwa muda mrefu alitaka kumsikia akiikiri. Lakini jioni ile, huku akimkazia macho, moyoni alikuwa akiomba Mungu baba yake asikiri. Alikuwa akimpenda Saruni, na penzi lao lilikuwa limejengwa kwenye uongo huo huo uliojenga vyumba vya wapangaji. Alilijua hilo, na lilimnyima usingizi.

"Mambo ya wazee usiingilie," Kasaine alisema.

"Basi nitachukua ulisema ukweli," Soipan alijibu haraka mno, akainuka. "Wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi."


Habari ya harusi haikai ndani ya nyumba yenye wapangaji. Jumatano asubuhi Nanjala, mama wa chumba cha mwisho, alimkamata Kasaine karibu na tangi la maji.

"Mzee, hongera. Tumesikia tunaletewa wageni."

"Ndiyo, ndiyo. Asante."

"Kwetu Bungoma ni kazi kubwa hiyo. Unaulizwa ukoo wa baba, ukoo wa mama, mpaka wa nyanya. Mimi nilikuwa na mwanaume mzuri, mzee, mzuri kabisa, tukakuta nyanya yake ni wa kwetu. Ikaisha hapo hapo. Nililia mpaka nikakonda." Aliweka mtungi chini ya bomba, akastarehe kama mtu mwenye siku nzima. "Na nyinyi pia mnaulizana?"

"Tunaulizana."

"Na ikitokea mtu amedanganya ukoo?"

Kasaine alimwambia kwamba kuanzia kesho maji yatafunguliwa asubuhi tu, kwa sababu watu wanayachezea. Nanjala alibaki akijiuliza amekosea wapi, na wapangaji wote wakamlaumu yeye.


Ijumaa Kasaine aliwasha pikapu yake akaenda Ewuaso Kedong. Ngong alisimama akanunua unga, majani ya chai, sukari na blanketi jekundu, kwa sababu hakuthubutu kufika mikono mitupu. Njia nzima alipanga maneno.

Alimkuta Ledama akiziba pengo la ua wa boma kwa matawi ya miiba. Alikuwa amezeeka. Mtu akikonda shavuni kwa miaka miwili hivyo, hujui useme ni umri au ni kitu kingine, na Kasaine aliamua kutojua.

"Sopa, mzee Kasaine," Ledama alisema.

"Ipa."

Tangu utotoni mpaka siku ile ya Kajiado, Ledama hakuwahi kumwita mzee Kasaine. Alimwita *olalashe*, ndugu yangu, hata walipokuwa wakigombana. Sasa alimkaribisha ndani, akamwekea kiti cha mgeni, na mkewe Nasieku akamletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Katika nyumba ya mama huyu Kasaine alikuwa amezoea kunywea kopo la bati, tena akilifuata mwenyewe jikoni. Nasieku alimsalimia vizuri sana, akatoka.

"Umekuja kwa sababu ya watoto," Ledama alisema.

"Ndiyo. Ledama, hii kitu haiwezekani. Unajua."

"Najua nini?"

"Mwambie kijana aache. Yeye atakusikia. Wangu hanisikii."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Sababu unaijua."

"Naijua," Ledama alisema. "Lakini siwezi kuisema. Mimi nilinyang'anywa. Wewe ndiye uko nayo."

Ng'ombe walikuwa wakiingia bomani. Kasaine aliwatazama kupitia mlangoni ili apumzike, na hapo akapata pigo asilolitarajia. Kila mmoja alikuwa na alama ya Mzee Parmuat, ile ile iliyochomwa pajani kwa ng'ombe wote ambao Kasaine alikulia akiwachunga. Walikuwa uzao wa ndama yule wa kupokewa, na hawakuhesabiwa siku ya urithi kwa sababu walikuwa wachache na wamekonda. Hao ndio wangekuja kuwa mahari. Angesimama mbele ya watu apokee ng'ombe wenye alama ya baba yake, kutoka kwa mtoto wa baba yake, kwa kumtoa mtoto wake.

"Saruni aliniuliza kitu," Ledama aliendelea. Hakuwa na hasira, na Kasaine angependelea hasira. "Aliniuliza, baba, hiyo siku wazee wakiuliza ukoo, nitasema nini? Mtu mzima, mwalimu, anafundisha watoto wa watu. Nikamwambia aseme ukoo wa mama yake. Umewahi kusikia Mmaasai akitaja ukoo wa mama yake?"

"Ledama..."

"Ungeweza kuja hapa siku nyingine yoyote. Hata bila sukari. Ningekuchinjia mbuzi, Kasaine, ule ini hapa na mimi, na singeuliza habari ya shamba. Wewe unakuja kwa sababu umebanwa na mtoto."

Kasaine alitaka kusema kwamba alikuwa ametamani kuja. Ilikuwa kweli: zaidi ya mara moja alifika Ngong kununua mbuzi akaitazama barabara ya Ewuaso, akageuza gari. Lakini kutamani si kitu cha kumwambia mtu uliyemfukuza kwao, akameza maneno pamoja na chai.

"Kama unataka kusimamisha hii harusi," Ledama alisema akimsindikiza, "sema ukweli pale ulisema uongo. Mbele ya wazee. Mimi sina njia ingine ya kukuonyesha."

Pikapu ilipopotea kwenye kona, Ledama alirudi kwenye miiba yake lakini kazi haikuenda. Alijiona vibaya. Alikuwa ameongea kama mtu asiye na mtoto. Kwa miaka miwili alikuwa akilala na kuamka na tamaa moja, kusikia Kasaine akisema ukweli, na tamaa hiyo ilikuwa imemfanya asahau kwamba ukweli huo ungemkata Saruni kwanza.


Jumamosi ya wageni, turubai lilifungwa uani, na wapangaji walianua nguo bila kuambiwa. Mzee Lemaiyan alifika mapema pamoja na wazee wenzake, akakataa soda, akaomba chai isiyo na sukari, akalalamika kwamba viti ni vya kanisa na kanisa halikuombwa. Ledama alikuja na Nasieku, mwanawe Saruni, na wajomba wawili wa Saruni kutoka upande wa mama. Walibeba asali, maziwa, sukari na blanketi la mama wa binti. Saruni alikuwa kijana mrefu mwenye suti iliyombana mabegani, na alipomwinamia Kasaine ili aguswe kichwa, mkono wa Kasaine ulichelewa kidogo. Watu waliona.

Kasaine hakuwa amemwambia mtu anachokusudia, hata Nalangu. Alihofia kwamba akimwambia, Nalangu atamwomba anyamaze, naye atakubali kwa furaha.

Walisali, wakala vitafunio, wakauliza habari za mvua na bei ya nyasi. Halafu Mzee Lemaiyan alikohoa.

"Tumekuja kuuliza kinachoulizwa. Hawa watoto ni wa ukoo gani? Nyumba ya msichana tunaijua. Nyumba ya kijana isemewe."

Mmoja wa wajomba alianza kuinuka. Kasaine aliinuka kabla yake.

"Wazee," alisema, "nilidanganya."

Soipan alikuwa akitoka jikoni na chupa ya chai. Alisimama pale alipokuwa.

"Kajiado mliniuliza, nikasema Ledama alikuwa mchunga ng'ombe. Ni uongo. Mama yangu alimnyoa. Nilikuwepo, nilishika bakuli ya maji. Tulikunywa kibuyu kimoja. Baba alichinja kondoo, na wewe Mzee Lemaiyan ulikula hiyo nyama. Huyu ni mtoto wa baba yangu. Nilimnyima kwao kwa sababu ya tamaa, na nimekula hiyo dhambi na watoto wangu. Ile ardhi imebaki Kisaju ni yake. Ile niliuza, nitauza hivi vyumba nimlipe. Naomba msamaha."

Aliketi. Pamoja na aibu yote aliona wepesi kifuani, kama mtu aliyeshusha gunia. Wepesi huo ulidumu mpaka alipomtazama binti yake. Soipan alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. Hakuwahi kumchukia baba yake kwa uongo wake kama alivyomchukia saa ile kwa ukweli wake.

"Hayo ni maneno makubwa," Mzee Lemaiyan alisema, na alikuwa mtu asiyejua kuzungusha maneno. "Basi hawa ni ndugu. Hakuna posa. Tumalize chai tuende nyumbani, ile nyingine ya shamba tutakutana Kajiado."

Saruni hakuinua kichwa. Alikuwa akivitazama vifuniko vya soda vilivyokanyagwa kwenye mchanga, kimoja baada ya kingine, na mama yake alikuwa amemshika mkono wa suti kama mtoto wa chekechea.

Ledama aliona hayo yote. Neno alilolingoja miaka miwili lilikuwa limesemwa, tena mbele ya wazee, tena kwa sauti, na alikuwa amelisikia kwa masikio yake. Alikuwa na baba tena. Alikuwa na ukoo, na akifa angezikwa Kisaju. Furaha ilimjia kweli, na papo hapo akaona haya kuwa na furaha huku mtoto wake ameinama namna ile.

"Mzee, naomba kuongea," alisema.

"Ongea."

Aligeuka. "Mzee Kasaine. Kama msichana wako angekuwa amepata mtu mwingine, hata Mturkana, hata Mzungu, leo ungesema haya maneno?"

Mtoto wa Nanjala alilia chumbani akanyamazishwa. Kasaine angeweza kusema ndiyo. Wengi pale wangemwamini.

"Singesema," alijibu.

Ledama alitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu la kweli na alilihitaji, maana sasa alijua uzito wa kile alichokuwa karibu kukiachilia.

"Wazee," alisema, "mzee Kasaine ana roho nzuri, lakini alikuwa mtoto mdogo, amechanganya mambo. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko yeye, nakumbuka. Yule mama alininyoa kwa sababu nilikuwa na vidonda kichwani. Kibuyu nilipewa kwa sababu nilikuwa na njaa. Kondoo ilichinjwa, ni kweli, lakini siku hiyo kulikuwa na wageni."

"Ledama," Mzee Lemaiyan alisema.

"Ndama nilipewa ni mshahara."

"Ledama, angalia unachofanya."

"Naangalia. Mzee Parmuat aliniandika kazi. Nilikuwa mchunga ng'ombe wake. Mimi ni Kiema, mtoto wa Wayua, na huyu kijana ni mtoto wa Kiema. Hana ukoo hapa. Anaweza kuoa nyumba yoyote ya Wamaasai ambayo itamkubali."

Mzee Lemaiyan alikuwa amekula nyama ya yule kondoo na alikumbuka hata mbavu aliyopewa. Alikuwa amekubali uongo wa tamaa miaka miwili iliyopita kwa kunyamaza tu, na tangu hapo hakuwa na raha akikutana na Ledama sokoni. Sasa aliletewa uongo mwingine, na huu hakujua aupe jina gani.

"Una uhakika?"

"Niko na uhakika."

"Na shamba la Kisaju?"

"Mchunga ng'ombe harithi."

"Saruni," mzee aliuliza, "umesikia baba yako?"

Nasieku alikuwa amefunika uso kwa shuka lake. Hatimaye kijana alitikisa kichwa, ndiyo, na Soipan kule mlangoni akaketi chini kwenye kizingiti na ile chupa mapajani.

"Haya," Mzee Lemaiyan alisema. "Mwenye ukoo amesema, na mwenye kukosa ukoo amesema. Mtu hawezi kuvikwa baba kwa nguvu. Hawa si ndugu. Leteni hiyo asali."

Asali ililetwa. Maziwa yakapitishwa. Mmoja wa wazee alianzisha wimbo, na wanawake wa kanisa, ambao walikuwa wamekaa mbali na hawakuelewa yote, walipiga vigelegele kwa moyo mmoja. Nalangu alivishwa blanketi lake. Alilipokea kwa Nasieku, na walipokumbatiana alimwambia sikioni, "Nisamehe." Nasieku alimjibu kwamba blanketi ni zuri, asilifue kwa sabuni kali.


Kabla ya kula, mwenye nyumba hunawisha wageni. Kasaine angeweza kumtuma kijana yeyote, lakini alichukua birika na beseni mwenyewe akaanza na wazee, akashuka mstari mpaka kwa Ledama. Alimwagia maji. Mikono ya Ledama ilikuwa na mikwaruzo ya miiba, mipya juu ya ya zamani, na aliiosha bila haraka. Wengine walikuwa wakipiga kelele za nyama. Mbele yao Soipan na Saruni walikuwa wamesimama pamoja, hawajagusana, wakitabasamu kwa woga kama watu waliopewa kitu ambacho bado hawaamini ni chao.

Kasaine aliinama zaidi ili asisikiwe.

"Olalashe," alisema. Ndugu yangu.

Ledama aliendelea kuosha. Halafu aliitoa mikono kwenye maji, akaitikisa, akamtazama kwa macho yaliyolowa lakini yaliyotulia.

"Usiniite hivyo tena," alisema kwa upole. "Watoto watasikia."